Matone ya Damu Ukianza Tembe Mpya
Kijitabu cha familia za Meru na Embu

Uchunguzi wa Kitaifa wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022 uliiweka Embu mbele ya kaunti zote za Kenya: kati ya wanawake 100 walioolewa, 75 walikuwa wakitumia njia ya kisasa ya kupanga uzazi. Hata hivyo wapo wanaoanza tembe, wakaona damu katikati ya mwezi, wakaogopa na kuziacha. Wengine hurudi kliniki baadaye wakiwa wajawazito.

Damu inatoka wapi?

Tembe za kawaida zina homoni mbili, estrojeni na projestini. Huzuia yai kupevuka, na huufanya utando wa ndani ya mji wa mimba kuwa mwembamba. Mwili unapoizoea dawa, vipande vidogo vya utando huo hubanduka kabla ya wakati. Ndiyo matone unayoyaona kwenye nguo ya ndani, mekundu au ya kahawia. Hiyo si damu chafu, wala haimaanishi kwamba tembe hazifanyi kazi.

Hali hii huwapata wengi katika miezi 3 ya kwanza, kisha hupungua yenyewe. Mama anayenyonyesha, ambaye hupewa tembe za projestini pekee, anaweza kuona damu isiyo na mpangilio kwa muda mrefu zaidi.

Yanayoongeza matone

- Kusahau tembe, au kumeza leo asubuhi na kesho usiku.
- Kutapika au kuhara.
- Dawa nyingine, hasa rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa. Hizi pia hupunguza nguvu ya tembe. Mwambie muuguzi kila unachomeza, hata miti shamba.
- Kumeza tembe za dharura, maarufu kama P2, juu ya zile za kila siku.

Fanya hivi

1. Endelea kumeza tembe hata siku unayotokwa na damu. Ukiacha na kuanza tena, damu huzidi kuvurugika na mimba inaweza kuingia.

2. Chagua saa moja usiyoisahau. Ukipenda, meza tembe taarifa ya habari ya saa moja jioni inapoanza. Anayechuma majani chai alfajiri anaweza kumeza kabla ya kutoka nyumbani.

3. Chukua ile kalenda ya ukutani. Siku ya matone weka nukta. Siku ya damu ya kuhitaji sodo weka msalaba. Ukienda kliniki, ibebe. Muuguzi ataona kwa haraka kama nukta zinapungua.

4. Ukisahau tembe 1 au 2 zenye homoni, meza moja mara unapokumbuka, kisha endelea kama kawaida. Ukisahau 3 au zaidi, meza moja mara moja, tumia kondomu kwa siku 7, na umuulize muuguzi jinsi ya kumalizia pakiti. Tembe 7 za mwisho katika pakiti ya 28, mara nyingi za kahawia, huwa ni za madini ya chuma. Kuzikosa hakuleti mimba. Tembe za anayenyonyesha zote zina dawa: akichelewa kwa saa 3 au zaidi, ameze mara moja na atafute ushauri.

5. Ukitapika kabla ya saa 2 kupita tangu umeze, meza nyingine.

Matone yakikusumbua, muuguzi anaweza kukupa ibuprofeni kwa siku chache ikiwa huna vidonda vya tumbo, au akakubadilishia aina ya tembe.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona haya

- Damu ya kuhitaji sodo inayozidi siku 8, au iliyo mara mbili ya hedhi yako ya kawaida.
- Kizunguzungu, kuchoka sana au moyo kwenda mbio.
- Maumivu makali ya tumbo.
- Maumivu ya kifua au kushindwa kupumua.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma.
- Kichwa kuuma vikali, au macho kuona vibaya.

Nenda kliniki pia ukitokwa na damu baada ya kujamiiana, ukishuku mimba, au matone yakiendelea baada ya miezi 3. Huenda chanzo ni maambukizi au tatizo la mlango wa uzazi, na hilo linahitaji kupimwa.

Kwa baba, na kwa mama mkwe

Baba, damu hii si dalili kwamba mkeo ametoka nje ya ndoa. Mkumbushe saa ya tembe, na msindikize kliniki akihitaji. Mama mkwe, usimwambie azitupe kabla hajaonana na muuguzi. Tembe hazizibi kizazi. Mwanamke akiziacha, anaweza kushika mimba mara moja.

Msaada uko wapi?

Anza na mhudumu wa afya wa jamii kijijini mwenu, au zahanati ya serikali iliyo karibu. Dalili za hatari zikitokea, nenda hospitali iliyo karibu. Wakiona inafaa, watakutuma Hospitali ya Rufaa ya Meru au ya Embu. Vituo vya Kanisa Katoliki havitoi tembe, lakini mgonjwa anayevuja damu hutibiwa huko pia.

Mama, usiache tembe kwa sababu ya jirani au uvumi wa sokoni. Uliza muuguzi kwanza, na ukitaka kuacha, ondoka kliniki ukiwa na njia nyingine mkononi.