Kusoma Maandishi Yaingiayo katika Programu

Maandishi yapigwayo kwenye kibodi huifikia programu herufi baada ya herufi, kama maji yapitayo katika mfereji. Ndiyo maana huitwa mkondo. Kazi ya programu ni kuzikinga herufi hizo na kuzipanga katika kumbukumbu ya kompyuta, zipate kuwa tungo moja, mathalani jina la mtu.

Ugumu ni kwamba mkondo hautangulizi habari za urefu wake. Katika lugha ya C, mtunga programu hutenga kwanza nafasi ya ukubwa maalumu. Ichukuliwe kuwa zimetengwa baiti 8, na mtumiaji akaandika "Mwanaisha". Jina hilo lina herufi 9, na C huongeza baiti moja yenye thamani 0 kuonyesha mwisho wa tungo. Jumla ni baiti 10. Amri ya zamani iitwayo gets haikupewa ukubwa wa nafasi. Huandika baiti zote 10, na mbili za mwisho huangukia mahali pasipo pake, zikaharibu yaliyohifadhiwa hapo.

Madhara yake yaweza kuwa makubwa. Tarehe 2 Novemba 1988, programu iliyotungwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilianza kujieneza kutoka kompyuta hadi kompyuta. Njia yake mojawapo ilikuwa kupeleka baiti 536 kwa programu iitwayo fingerd, iliyotumia gets na kutenga baiti 512 tu. Baiti zilizozidi zilibadili anwani ya kumbukumbu ambayo programu ilipaswa kurejea, na kompyuta ikafuata maagizo ya mvamizi. Mwaka 2011 gets iliondolewa katika kanuni rasmi za lugha ya C.

Amri ifaayo ni fgets, ambayo huelezwa ukubwa wa nafasi:

fgets(jina, 8, stdin);

Hii husoma herufi zisizozidi 7, na baiti iliyobaki huwekewa 0. Tungo itakayopatikana ni "Mwanais". Kumbukumbu imesalimika, lakini "ha" ingali mkondoni. Swali lifuatalo likiwa la umri, programu itaipokea "ha" kuwa ndiyo jibu!

Kwa hiyo, kila baada ya kusoma, programu na ichunguze kama tungo inaishia kwa alama ya mstari mpya. Ikikosekana, na mkondo haujafika mwisho, basi mstari haujasomwa wote. Programu ama iongeze nafasi na kuendelea kusoma, ama ilikatae jina na kuyaondoa mabaki. Lugha kama Python huongeza nafasi zenyewe. Hata hivyo kumbukumbu ina kikomo, na ni wajibu wa mtunga programu kuweka mpaka.

Zoezi: Mtumiaji wa programu hiyo ameandika "Mombasa" na kubonyeza kitufe cha mstari mpya. Herufi zote 7 zimeingia. Je, ni kitu gani kilichosalia mkondoni, nacho kitaliathirije swali la umri?