SOMO LA MWEZI: JE, MWALIMU WA UDEREVA APEWE BAKSHISHI?



Swali la mwezi huu limeletwa kwetu na vijana wa Bandari ya Juba. Hawa ni utingo, au tanboi kama wanavyosema wenzetu wa Kenya na Uganda. Pamoja nao wamo wachukuzi wa gatini na madereva wa magari madogo. Wote wanajifunza kuendesha malori ya trela ili wapande daraja na mishahara yao ipande.

Wanasema hivi: "Karo ya mafunzo tumelipa yote. Lakini kila mwisho wa juma wenzetu wengine wanampa mwalimu fedha mkononi. Je, hiyo ni adabu, ni desturi, au ni rushwa? Na asiye nacho afanye nini?"

Tulikaa chini ya mwembe karibu na gati tukalijadili. Walikuwapo wanafunzi, walimu wawili na madereva wazee. Hatukukubaliana katika kila jambo, lakini katika mambo makubwa tulikubaliana. Someni, kisha mjadiliane katika matawi yenu.

1. KAZI YENYEWE NI KAZI GANI?

Kwanza tujue mwanafunzi huyu anajifunza nini. Mizigo ya Juba hupita njia mbili kubwa. Iko njia ya mto, ambako matishari hushuka na Nile kwenda Bor na Malakal. Iko na njia ya barabara kutoka Nimule, kilomita 192, ambayo lami yake ilikamilika mwaka 2012. Lori linaloleta mzigo gatini lazima lirudi nyuma na trela yake mpaka ukingoni, na nyuma yake ni maji. Dereva akikosea kipimo, mchukuzi aliyesimama nyuma hana pa kukimbilia.

Jambo la pili ni hili. Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita upande wa kushoto wa barabara. Sudan Kusini hupita upande wa kulia. Dereva anayetoka Mombasa au Kampala akivuka mpaka wa Nimule, hapo hapo anabadili upande. Lori lake lina usukani wa kulia, kwa hiyo sasa anakaa upande wa pembeni ya barabara, si upande wa katikati. Akitaka kulipita gari lililo mbele yake, haoni vizuri kinachokuja. Lazima aache nafasi kubwa, atumie vioo, na mara nyingi amwulize utingo aliyekaa upande wa pili: "Kuna gari?"

Mambo haya hayafundishwi kwa mdomo. Hufundishwa kwa kushika usukani, kukosea, kusahihishwa na kurudia. Kwa hiyo anayemnyima mwanafunzi dakika zake za usukani anamnyima uhai wake, na uhai wa wale watakaokutana naye njiani.

2. TUTENGANISHE MAMBO MATATU

Watu huita mambo matatu kwa jina moja la "chai". Sisi tuyatenganishe.

(a) Bakshishi. Neno hili asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni zawadi. Bakshishi ya kweli hutolewa baada ya kazi kwisha, kwa hiari, na haibadilishi chochote. Aliyetoa na asiyetoa wamehudumiwa sawa.

(b) Hongo. Hii hutolewa kabla ya kazi, au kabla ya uamuzi, ili mtu apate kisicho haki yake au apate haki yake mbele ya wenzake. Fedha anayopewa mwalimu ambaye kesho ndiye atakayesema "umepita" au "umeshindwa" ni hongo, hata ikitiwa ndani ya bahasha nzuri na maneno matamu. Sheria za nchi jirani zetu, kama ile ya Kenya ya mwaka 2016 na ile ya Tanzania ya mwaka 2007, humtia hatiani mtoaji pamoja na mpokeaji.

(c) Deni la mwajiri. Hii ni fedha ambayo mwanafunzi anampa mwalimu kwa sababu mwenye shule hakumlipa mwalimu mshahara wa kutosha. Hapo mwanafunzi analipa mara mbili: karo kwa mwenye shule, na mshahara kwa mwalimu.

Mtu akikuomba "chai", jiulize maswali matatu. Inatolewa lini, kabla au baada? Nisipotoa itakuwaje? Na ninaweza kuitoa mbele ya watu wote? Majibu yatakuambia ni ipi kati ya hizo tatu.

3. TUFANYE HESABU

Vijana wengine walisema: "Fedha ni yangu. Nikimpa mwalimu, nani ameumia?" Tulichukua kijiti tukaandika hesabu mchangani.

Tuseme wanafunzi ni 8 na lori ni moja. Somo ni dakika 120. Kwa haki kila mmoja anashika usukani dakika 15.

Sasa wanafunzi 3 wanatoa chai, na mwalimu anawapa dakika 25 kila mmoja. Hizo ni dakika 75. Zimebaki dakika 45 kwa wanafunzi 5, yaani dakika 9 kila mmoja. Dakika 10 za ziada alizopata mtoaji hazikutoka mfukoni mwa mwalimu wala wa mwenye shule. Zimetoka kwa mwenzake anayekaa naye benchi moja.

Juma la pili wale 5 nao wanakopa fedha ili watoe. Sasa wote 8 wametoa. Kila mmoja anapata dakika ngapi? Dakika 15 zile zile za mwanzo! Hakuna aliyeongeza elimu, na wote wamepunguza chakula nyumbani. Hivi ndivyo wanyonge wanavyogombanishwa wakala hasara wote.

4. NANI HASA ANAFAIDIKA?

Tuangalie mfano wa wenzetu wa mbali. Huko Marekani kampuni ya Pullman ilikuwa na mabehewa ya kulala katika treni. Watumishi wake walikuwa watu weusi. Mishahara ilikuwa midogo kwa makusudi, kwa kuwa kampuni ilitegemea abiria wawape bakshishi. Ikambidi mtumishi atabasamu hata anapotukanwa. Abiria waliwaita wote "George", jina la mwenye kampuni, kana kwamba hawakuwa na majina ya kwao.

Mwaka 1925 watumishi hao waliunda chama chao, kiongozi wao akiwa A. Philip Randolph. Walipigana miaka kumi na miwili. Mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi mkataba, mishahara ikapanda, na saa za kazi zikapunguzwa kutoka karibu 400 kwa mwezi hadi 240. Walichodai ni mshahara wa kumwezesha mtu kuishi, si bakshishi kubwa zaidi.

Shirika la Kazi la Dunia nalo, katika Mkataba wake Na. 172 wa mwaka 1991, linasema kwamba bakshishi ni fedha ya hiari, na kwamba mfanyakazi, apate bakshishi au asipate, lazima alipwe mshahara wake wa msingi kwa vipindi maalumu. Mkataba huo unahusu mahoteli na mikahawa, lakini hekima yake inatufaa na sisi: shukrani ya mteja haiondoi deni la mwajiri.

5. HOJA YA WALIMU

Tusiwaonee walimu. Mmoja wao alisimama akasema: "Ninyi mnaniita mla rushwa. Mshahara wangu unachelewa. Ukifika, bei sokoni zimekwisha kupanda. Siku nzima niko juani na vumbi, na mwanafunzi akikosea breki mimi ndiye niliye karibu naye. Mkono mtupu haulambwi."

Watu walinyamaza, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya kweli. Mzee mmoja dereva akamjibu: "Mwanangu, njaa yako tunaiona. Lakini huyu utingo unayemwomba ana njaa kuliko wewe. Mbona hujamwomba mwenye shule?" Mwalimu akasema anaogopa kufukuzwa akiwa peke yake. Hapo ndipo penyewe. Kumwomba mwanafunzi ni rahisi kwa sababu mwanafunzi ni mnyonge. Kumdai mwajiri ni vigumu kwa sababu mwalimu yuko peke yake. Dawa yake ni chama.

6. NA SISI TUNA LA KUUNGAMA

Hatusemi haya kama watakatifu. Miongoni mwetu sisi waandaaji wa chama yuko mmoja ambaye miaka mingi iliyopita alimpa mtahini fedha, akapata cheti bila kurudisha trela nyuma hata mara moja. Alifurahi sana siku ile. Juma la tatu kazini alikuwa akirudi nyuma kuelekea mahali pa kupakulia, akaubana mguu wa utingo wake kati ya trela na ukuta. Yule kijana hakupata tena kupanda lori. Watu walisema ni bahati mbaya, na mwenzetu akanyamaza. Leo ametutaka tuandike kwamba haikuwa bahati mbaya. Aliinunua siku ya mtihani.

7. MSIMAMO WETU

Baada ya majadiliano tunashauri hivi:

Kwanza, mwanafunzi asimpe mwalimu wala mtahini fedha yoyote kabla matokeo hayajatoka na cheti hakijawa mkononi.

Pili, zamu za usukani ziandikwe ubaoni, jina na dakika, na wanafunzi wachague mmoja wao wa kushika saa.

Tatu, baada ya cheti, anayetaka kushukuru ashukuru. Shukrani ya punda ni mateke, nasi si punda. Wanafunzi wachange pamoja kila mtu kwa uwezo wake, bila kuandika nani ametoa nini, na fedha igawiwe sawa kwa walimu wote pamoja na fundi anayelitunza lori. Asiye nacho atoe mkono na neno la asante. Hilo nalo ni shukrani kamili. Waweza pia kuandika barua kwa mwenye shule ukimsifu mwalimu. Barua hiyo itamsaidia siku ya kudai nyongeza.

Nne, walimu wa udereva wajiunge na chama. Wanafunzi wao wa jana ndio madereva wa leo, na watasimama nao.

Tano, mwalimu akikunyima zamu kwa sababu hukutoa chai, usigombane naye peke yako. Njoo na wenzako kwa mwakilishi wa tawi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi yako, ni "chai" ipi iliyo bakshishi, na ipi iliyo hongo?
2. Mwanafunzi anayejua mwenzake ametoa fedha ili apite afanye nini?
3. Mwajiri akisema, "Mshahara ni mdogo lakini wateja watakupa," tumjibu nini?

Andikeni majibu yenu mtuletee tawini. Umoja ni nguvu.