Damu ikivilia pajani: usikimbilie maji moto

Mteremko wa Subukia hauna huruma kwa mwendesha baiskeli. Kokoto chache kwenye kona, breki ya mbele ikikamatwa kwa ghafla, na mtu anajikuta chini, usukani umemgonga paja. Huinuka, hujipangusa vumbi, huona mfupa haujavunjika, humshukuru Mungu na kuendelea na safari. Jioni anapoketi ndipo paja huanza kuvimba na kukataa kukunjika. Maji hubandikwa jikoni, chumvi hutiwa, na jirani mwenye mikono ya nguvu huitwa aje kumkanda.

Hapo ndipo kosa hufanyika. Kukanda kwa usiku ule wa kwanza, hata kukiwa kwa nia njema, kunaweza kugeuza jeraha la wiki mbili kuwa la miezi.

Kisa ni hiki. Mtu anapogongwa paja, msuli hubanwa kati ya chuma na mfupa. Nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo huumia zaidi, ingawa ngozi inaweza kuwa haina hata mkwaruzo. Mishipa midogo ya damu hukatika na damu humwagika ndani ya nyama. Mwili wenyewe huanza kuiziba mishipa hiyo, na kazi hiyo huchukua kama siku mbili. Joto huipanua upya, na mikono inayosugua huifungua ile iliyokwisha kuziba. Pombe nayo huongeza kumwagika kwa damu. Kwa hivyo yule rafiki anayekuletea chupa ya kupunguza uchungu hakusaidii.

Damu hiyo ina njia mbili. Ikiingia kati ya msuli na msuli, huteremka polepole, na siku ya tatu au ya nne unaweza kuona weusi umeshuka hadi gotini. Watu wengi huogopa wakidhani ugonjwa unaenea, kumbe damu inafuata uzito wake tu na mara nyingi mgonjwa huyo hupona upesi. Anayehitaji kuangaliwa zaidi ni yule ambaye damu imefungika ndani ya msuli wenyewe. Hana rangi yoyote, lakini paja lake ni gumu na goti halikunjiki. Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi rangi huonekana kwa shida hata hivyo, kwa hivyo pima kwa mkono: sikiliza ugumu na joto, ukilinganisha na paja la pili.

SIKU MBILI ZA KWANZA

Funga paja kwa bandeji ya kuvutika, ikaze kiasi lakini vidole vya mguu visife ganzi wala kuwa baridi. Lala ukiwa umeinua mguu. Baridi hupunguza uchungu: barafu ya dukani, au pakiti ya maziwa iliyoganda, ikiwa imefungwa kwa kitambaa ili isiunguze ngozi, kwa dakika 15 hivi kila mara. Asiye na friji atumie kitambaa kilicholowa maji ya mtungi. Lakini baridi isizidishwe. Daktari Gabriel Mirkin wa Marekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 1978 kilieneza ushauri wa barafu, mwenyewe alikiri mwaka 2014 kwamba barafu inaweza kuchelewesha kupona.

Kwa uchungu, paracetamol yatosha. Aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda, na ni vyema kuiepuka siku hizo, pamoja na diclofenac na ibuprofen. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kwa ajili ya moyo asingoje. Amwone daktari siku hiyo hiyo.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kulikunja goti. Mwaka 1991 madaktari wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, walichapisha matokeo ya vijana 117 waliogongwa mapaja. Waliwafunga goti likiwa limekunjwa kwa saa 24 za kwanza, ili msuli uvutike na kuibana damu. Hata walioumia vibaya zaidi walirudi kazini kwa wastani wa siku 21. Usijifunge mwenyewe kwa nguvu nyumbani, lakini muulize daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

USINGOJE KUKICHA

Uchungu unaozidi badala ya kupungua, paja likiwa gumu kama ubao na mguu ukifa ganzi, ni hatari ya saa chache. Shinikizo la damu iliyofungika linaua msuli, na tiba yake ni upasuaji. Nenda moja kwa moja kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama ile kubwa ya Nakuru ambayo wengi bado tunaiita PGH. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, nenda pia. Na aliyegongwa tumboni na ncha ya usukani asidanganywe na alama ndogo ya duara kwenye ngozi: ini, bandama au kongosho huweza kuwa vimepasuka. Maumivu ya bega la kushoto baada ya pigo kama hilo ni dalili ya bandama. Watoto ndio hasa hupatwa na haya.

KURUDI BARABARANI

Baada ya siku mbili, ikiwa uvimbe hauongezeki, anza kulikunja goti mwenyewe, taratibu, bila kulazimishwa na mtu. Maji ya vuguvugu sasa yanaruhusiwa. Kusugua kwa nguvu bado kungoje wiki kadhaa, kwa sababu msuli unaochokozwa mapema waweza kuota mfupa ndani yake. Mfupa huo huonekana kwenye picha ya eksirei baada ya wiki tatu au nne, na dalili yake ni uvimbe mgumu na goti linalozidi kukakamaa badala ya kulegea.

Goti likikunjika kupita pembe mraba bila uchungu, baiskeli ni zoezi zuri. Inua kiti kidogo kuliko kawaida ili goti lisikunjike sana, tumia gia nyepesi, na uanzie tambarare ya upande wa ziwa. Kupanda Milimani kuelekea Menengai kungoje hadi uweze kuchuchumaa na kuinuka, mapaja yote mawili yakibeba uzito sawa.