Ulimkasirikia Nani?

SOMO LA WIKI
Soma kwanza: 2 Samweli 12:1-13, Matendo 5:1-11, Luka 19:1-10



Somo la leo linaanzia sebuleni kwangu, mbele ya televisheni. Najua kuna mtu atasema, kwani huyu ndugu amekosa mfano mwingine? Nakuomba univumilie mpaka mwisho.

Desemba iliyopita kijana wangu alikuja nyumbani chuo kilipofungwa, akatuwekea filamu ya mfululizo ya Kimarekani inayoitwa Breaking Bad. Si filamu mpya. Ilianza kuonyeshwa Januari 2008 ikaisha Septemba 2013, vipindi 62. Wala si ya watoto. Ina mauaji, matusi na dawa za kulevya, na mzazi mwenye watoto wadogo nyumbani naomba asiifungue wakiwa macho. Sikuja kuipigia debe. Nimekuja kuwaambia ilivyonishika.

Kisa chenyewe

Walter White ni mwalimu wa kemia katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico. Ametimiza miaka 50. Mshahara haumtoshi, kwa hivyo akitoka shuleni anafanya kibarua mahali pa kuosha magari. Kuna siku anapiga magoti kung'arisha magurudumu ya gari la mwanafunzi wake mwenyewe, na mwanafunzi anamcheka. Halafu anaambiwa ana saratani ya mapafu. Mke wake, Skyler, ni mjamzito. Kijana wao anatembea kwa magongo. Walter anaona akifa atawaachia madeni matupu, basi anamtafuta Jesse Pinkman, kijana aliyemfundisha zamani, wanaanza kupika methamfetamini na kuuza.

Mwanzoni unamhurumia tu. Nani hangemhurumia? Mwalimu, mgonjwa, ana mzigo wa nyumba. Kufikia kipindi cha pili nilikuwa nimeshamchukua kama ndugu yangu.

Shida yangu ilikuwa Skyler. Huyo mama haachi kuuliza. Ulikuwa wapi usiku? Una simu ya pili ya nini? Hizi pesa zimetoka wapi? Kila akitokea mimi naanza: "Huyu naye! Si amwache mwanaume atafute!" Kijana wangu anacheka. Mama watoto alikuwa kwenye kiti cha pembeni anachagua maharagwe, hasemi kitu.

Jioni ya tatu nikarudia maneno yale yale. Mama watoto akauliza bila kuinua macho: "Baba watoto, kwani huyo mama amekosea wapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Sikuwa na jibu. Nikatoka nje nikakaa kando ya tangi la maji, na huko nikakaa muda mrefu. Nitarudi kwa jambo hilo.

Hatukuwa peke yetu

Baadaye nilikuja kujua kwamba watazamaji wengi duniani walifanya vile nilivyofanya. Skyler alichukiwa sana. Watu walifungua kurasa za mtandao za kumtukana tu. Chuki ikavuka kutoka kwa mhusika ikamfikia mwigizaji mwenyewe, Anna Gunn. Mwezi Agosti 2013 mama huyo aliandika makala katika gazeti la New York Times akieleza yaliyompata, akataja hata mtu aliyeuliza mtandaoni atampata wapi amuue. Fikiria hilo. Mtu anataka kumuua mwigizaji kwa sababu mke wa kwenye filamu amemuuliza mumewe maswali! Mwezi uliofuata Anna Gunn alipewa tuzo ya Emmy kwa kuigiza vizuri nafasi hiyo hiyo, na mwaka 2014 akapewa tena.

Na Walter je? Walter alimwona msichana mpenzi wa Jesse akisongwa na matapishi usingizini. Angeweza kumwokoa. Akasimama akatazama mpaka akakata roho. Baadaye alimtilia sumu mtoto mdogo, mtoto asiyejua lolote, ili kumvuta Jesse upande wake. Watu wakaendelea kumshangilia.

Kijana wangu alinipinga, na alinipinga kwa haki. Alisema: "Lakini Baba, Skyler pia si malaika. Alifanya uzinzi na bosi wake. Halafu akamsaidia Walter kusafisha pesa." Ni kweli kabisa, na uzinzi ni dhambi, hatuipaki rangi. Lakini nilimwambia aangalie tunavyohesabu. Dhambi za Skyler tunaziandika moja moja na tarehe yake. Za Walter tunazifuta kila kipindi kinapoisha. Tena, wengi walimchukia Skyler kabla hajakosea lolote. Walimchukia akiwa bado ni mke anayeuliza tu mumewe alilala wapi.

Kwa nini tulikuwa upande wa Walter?

Nimelifikiria sana hili, nikaona mambo matatu.

Kwanza, tuliingia katika kisa kupitia mlango wake. Tulimwona akikohoa, akichekwa, akilia peke yake. Ukiona machozi ya mtu kabla ya dhambi yake, utamsamehe dhambi hata hajatubu. Na mtu ambaye machozi yake umeyaona kuliko ya wote duniani ni wewe mwenyewe. Ndiyo maana kila mmoja wetu anajihurumia sana.

Pili, alikuwa na neno tamu: familia. "Nafanya haya kwa ajili ya familia." Neno hilo linaziba midomo. Lakini ukitazama vizuri, mapema kabisa katika msimu wa kwanza, rafiki yake wa zamani aliyetajirika alijitolea kumlipia matibabu yote. Walter akakataa. Kiburi hakikumruhusu kupokea. Kwa hivyo tangu mwanzo haikuwa lazima. Mlango halali ulifunguliwa, yeye akaufunga, akarudi kupika dawa. Na katika kipindi cha mwisho kabisa anamkiri mke wake kwamba alifanya kwa ajili yake mwenyewe, kwa kuwa alipenda na alikuwa hodari. Miaka mitano tunamtetea kwa sababu ya familia, kumbe mwenyewe anajua ni uongo.

Tatu, Skyler alikuwa anatuharibia raha. Sisi tulitaka mchezo uendelee, yeye anataka ukome. Mtu anayewasha taa wakati wengine wanafurahia giza hapendwi.

Daudi na kondoo wa maskini

Sasa tufungue 2 Samweli 12. Daudi amemchukua mke wa Uria, na Uria amemuua kwa upanga wa adui. Miezi imepita. Mfalme anakula, analala, anaamua kesi za watu. Nabii Nathani anakuja, na haanzi na mashtaka. Anamsimulia kisa cha watu wawili wa mji mmoja. Tajiri alikuwa na mifugo mingi. Maskini alikuwa na kondoo mmoja mdogo aliyemlea nyumbani kama binti. Mgeni alipofika, tajiri akawaacha kondoo wake akamchinja yule wa maskini.

Daudi akawaka hasira. Akasema aliyefanya hivyo anastahili kufa, na kondoo alipwe mara nne. Hukumu ile ilikuwa sawa. Hata sheria ya Musa katika Kutoka 22:1 ilisema kondoo wanne kwa mmoja. Ndipo Nathani akamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Nimeisoma sura hii tangu nilipookoka, lakini mwaka huu niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Daudi, pamoja na uchafu wake wote, aliposikia hadithi alimkasirikia mtu anayestahili. Dhamiri yake ilikuwa imelala kuhusu yeye mwenyewe, lakini ilikuwa bado inajua nani amekosa. Hiyo ndiyo kamba Nathani aliyoishika kumvuta.

Mimi nilikaa kwenye kochi langu, mtu aliyeokoka, kiongozi wa ushirika wa nyumbani, nikamkasirikia anayelia kwa sababu ya kondoo. Nilikuwa upande wa tajiri. Wapendwa, hapo nilikuwa nimefika mahali pabaya kuliko Daudi.

Kando ya tangi la maji

Sasa nirudi pale nje. Mimi nilikuwa karani wa stoo mahali ninapofanya kazi. Mzigo ukifika nahesabu, natia sahihi. Kwa muda wa miezi saba kuna mtu alikuwa analeta magunia pungufu, mimi natia sahihi kwamba yametimia, naye ananiachia kitu kidogo. Nilijiambia ni karo ya kijana. Nilijiambia wakubwa wanakula zaidi. Mama watoto aliona pesa haziendani na mshahara, akaniuliza mara mbili. Mara ya kwanza nikamdanganya ni marupurupu. Mara ya pili nikamwambia kwa ukali: "Wewe kula, maswali ya nini?" Hakuuliza tena.

Kwa hivyo usiku ule alipouliza Skyler amekosea wapi, nilijua haulizi juu ya Skyler. Nathani wangu alikuwa anachagua maharagwe.

Nilimweleza yote usiku huo huo. Hakunipigia kelele. Alilia, kisha akasema kitu kilichonichoma zaidi: kwamba alikuwa ameanza kuzoea. Hapo nikaelewa Matendo 5. Anania na Safira walipatana pamoja kudanganya, lakini Petro alimuuliza Safira peke yake. Alipewa nafasi yake ya kusema kweli. Skyler naye alianza akiuliza, akanyamaza, mwishowe akawa anashika vitabu vya hesabu za pesa chafu. Mume akinyamazisha maswali ya mke wake, hamlindi; anamwingiza shimoni pamoja naye.

Jumatatu nilimwendea mkubwa wangu. Sikufukuzwa, lakini nilitolewa stoo na shilingi 46,000 zinakatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo. Bado miezi minne. Kijana wangu ameahirisha muhula mmoja, na hilo nililazimika kumweleza nikimtazama usoni. Mchungaji alinipumzisha uongozi wa ushirika kwa miezi sita, na ni yeye aliyeniomba niandike haya. Zakayo alirudisha mara nne. Mimi sijaweza mara nne. Narudisha nilichochukua, na naomba Mungu anipe nguvu ya kumaliza.

Tufanye nini?

Sisemi kila mtu azime televisheni. Hadithi zina nguvu, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Ninachosema ni hiki: ukitazama, jitazame. Kipindi kikiisha, kabla hujalala, jiulize ulitaka nani ashinde na ulitaka nani anyamaze. Kisha uliza kama kuna mtu nyumbani kwako, kazini au kwenye chama chenu ambaye pia unataka anyamaze. Inawezekana ni yule mama kwenye chama anayesisitiza vitabu visomwe kila mwezi, tunamwita msumbufu. Inawezekana ni binti yako aliyeuliza kwa nini risiti haifanani na bei. Msikilize kabla hujamjibu.

Na wewe unayeuliza maswali na umechoka kuitwa mkorofi: usiache. Uliza kwa heshima, uliza kwa upole, lakini uliza. Huyu anayeandika alivutwa na swali moja lenye maneno machache.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma 2 Samweli 12:1-7. Unafikiri kwa nini Nathani alianza na kisa badala ya mashtaka?
2. Taja mhusika mmoja wa filamu au tamthilia uliyemtetea hata alipofanya uovu. Ni nini kilikuvuta upande wake?
3. Soma Matendo 5:7-10. Safira angejibu kweli, mambo yangekuwaje? Wenzi wa ndoa wasaidiane vipi kabla hawajafika hapo?
4. Kuna deni, risiti au sahihi ambayo unajua si sawa? Utamwambia nani wiki hii?

Tuombe

Bwana, tunakushukuru kwa watu wanaotuuliza maswali. Tusamehe kwa kuwachukia. Wape wenye kurudisha kile walichochukua nguvu ya kumaliza, na uzilinde nyumba zao wakati huu wa kubana mkanda. Katika jina la Yesu. Amina.