Kocha Hafungi Bao

Toe Blake wa Kanada alikuwa nahodha wa Montreal Canadiens, timu ya hoki ya barafuni, akishambulia pamoja na Maurice Richard. Mwaka 1948 alivunjika mguu, akaondoka ligi kuu. Mwaka 1955 alirudi, sasa akiwa kocha wa Richard. Kwa misimu 13 timu ilitwaa Kombe la Stanley mara 8, naye kocha hakufunga hata bao moja.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba, kama tabibu anavyousaidia mwili upone, mwalimu huisaidia akili ya mwanafunzi. Anayeelewa ni mwanafunzi mwenyewe.

Nasi tunaojiandaa kwa upadre tujiulize: siku tutakapohamishwa parokia, je, makatekista, kwaya na jumuiya ndogondogo wataendelea bila sisi?