POLISI HUKAMATA, MAHAKAMA HUHUKUMU

Somo letu la leo linahusu polisi na raia. Tutajifunza mambo matatu: yaliyotokea mikoani kwetu mwaka 1976, sheria inavyosema, na la kufanya ndugu yako anapopigwa akiwa mikononi mwa polisi.

1. Yaliyotokea

Miaka ya 1970 wazee wengi waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati ule Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza. Wengi wa waliouawa ni akina mama vikongwe. Walisingiziwa uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu tu. Kumbe macho yale yaliharibiwa na moshi wa jikoni. Serikali ilikuwa na wajibu wa kuwasaka wauaji.

Mwaka 1976 msako ulifanyika. Watu walioshukiwa walikamatwa kutoka vijijini. Polisi na maofisa wa usalama wakawatesa ili wakiri. Baadhi yao wakafa humo humo mahabusu. Basi, msako wa kukomesha mauaji ukaleta mauaji mengine.

Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu hata kofi. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, akakubali kubeba lawama. Walijiuzulu pia Waziri Peter Siyovelwa, Mkuu wa Mkoa wa Mwanza Peter Kisumo, na Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga Marco Mabawa. Baadhi ya maofisa walioshiriki mateso walishtakiwa mahakamani, wakafungwa. Mwinyi mwenyewe baadaye alichaguliwa kuwa Rais, akaongoza kuanzia 1985 hadi 1995. Kuwajibika hakukumshushia heshima.

2. Sheria inavyosema

Wako watakaouliza: "Sasa mwuaji abembelezwe? Dawa ya moto si moto?" Swali hili ni la haki, maana waliouawa walikuwa mama zetu. Lakini fikiri. Mtu akipigwa sana atakiri hata asilolifanya. Asiye na kosa atafungwa, na mwuaji mwenyewe atabaki kijijini akinoa panga. Kwa hiyo kipigo hakimlindi bibi kizee. Kinamlinda mwuaji.

Katiba yetu, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kuwa anayo hatia. Ibara hiyo hiyo inakataza mtu kuteswa. Polisi anaruhusiwa kutumia nguvu kumkamata anayepinga au anayekimbia, lakini kwa kiasi kinachohitajika tu. Akishamfunga pingu, kazi ya nguvu imekwisha. Hata kijana aliyekamatwa na mawe ya dhahabu machimboni Geita ana haki hiyo. Sungusungu na mgambo nao hawana ruhusa ya kutesa mtu.

Anayekamatwa aambiwe kosa lake. Kwa makosa mengi, afikishwe mahakamani au apewe dhamana ndani ya saa 24. Akishukiwa kuua, apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kama inadaiwa alikiri kwa polisi, ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba alikiri kwa hiari.

3. La kufanya

Usivamie kituo, wala usirushe mawe. Ukifanya hivyo kesi itageuka kuwa yako. Fanya hivi:

(a) Andika siku, saa, jina la kituo, na namba ya askari kama umeiona. Kalamu yako sasa ina kazi.

(b) Omba fomu ya PF3, aliyeumizwa apelekwe hospitali. Tunza nakala ya maandishi ya daktari.

(c) Mahabusu akifikishwa mahakamani, amwonyeshe hakimu majeraha yake siku ile ile ya kwanza. Asingoje yapone.

(d) Peleka malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Usiposikilizwa, nenda kwa mkuu wa polisi wa mkoa.

(e) Waweza pia kuiandikia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Huduma yake ni bure.

Nendeni wengi, pamoja na mwenyekiti wa kijiji, kwa utulivu. Kulalamika hivyo si kumtetea mhalifu, wala si kuwachukia polisi. Askari mwema anahitaji raia wamwamini, wamletee habari za wauaji. Na raia hampelekei habari mtu anayemwogopa.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini Waziri Mwinyi alijiuzulu ingawa hakumpiga mtu?
2. Mtu aliyekiri kwa kupigwa anawezaje kuwa si mwenye kosa?
3. Kijijini kwenu, nani ataongozana na familia kwenda kulalamika kituoni? Kubalianeni kabla tatizo halijatokea.
4. Andika barua fupi ya malalamiko kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Taja siku, mahali na mambo uliyoyaona mwenyewe tu.