Dondoo muhimu: Matibabu ya kifua kikuu na usafiri wa mgonjwa Ganze
Tangu mwaka 2013, huduma za afya zilipohamishiwa serikali za kaunti, vituo vya umma vya Ganze, ikiwemo hospitali ya Bamba, vimekuwa chini ya Kaunti ya Kilifi, na kwa kuwa dawa za kifua kikuu hutolewa humo bila malipo, mzigo wa mgonjwa aghalabu huwa ni nauli ya bodaboda. Kabla ya safari, inafaa kumwuliza mhudumu wa afya ya jamii iwapo makohozi, yaani ute mzito utokao kifuani wala si mate, yanaweza kutangulizwa kituoni ili yapimwe, yakiwa katika kikopo kilichofungwa barabara. Mgonjwa akilazimika kwenda mwenyewe, avae barakoa na, akipanda matatu, akae penye dirisha lililo wazi, hata vumbi likiingia. Matibabu ya kawaida huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2 ya mwanzo, kisha mbili kwa miezi 4. Mkojo kugeuka rangi ya chungwa ni athari isiyodhuru ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, ilhali macho kuwa manjano huashiria kuwa ini limeathirika, na hapo mgonjwa hupaswa kufikishwa hospitalini siku hiyo hiyo.